Mtoto wa Taifa Aitiwa Mzazi

Jamhuri ya Shwari msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ipo, ina bendera na wimbo wake, ila wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri kibali, na mpaka leo wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Mimi nawasimulia yaliyotokea huko kama yalivyotokea. Sina ugomvi na mtu, wala simsemi mtu, na kama kuna nchi jirani itakayojiona humu, hayo ni yake na kioo chake.

Siku moja wafadhili waliiambia serikali ya Shwari kwamba watoto wana haki. Serikali ilishtuka sana. Iliunda tume, na tume ikazunguka nchi nzima miezi minane ikizitafuta hizo haki, ikalala kwenye hoteli nzuri nzuri, ikarudi na taarifa yenye jalada la bluu. Taarifa ilisema haki za watoto zipo na ziko salama, ila watoto wenyewe bado hawajawa tayari kuzipokea, kwa sababu wengi wao ni wadogo.

Hapo ndipo kilipozaliwa cheo cha Mtoto wa Taifa. Angepokea haki kwa niaba ya wenzake na kuzitunza mpaka watakapokua. Aliyeteuliwa ni Mheshimiwa Hamduni Pazi, kijana wa miaka ishirini na saba wakati ule, mwenye sauti nene na shemeji wizarani. Ili mambo yawe halali, sheria ilirekebishwa ikasomeka hivi: "Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka kumi na minane, pamoja na Mheshimiwa Hamduni Pazi."

Wakati wa hadithi hii Mheshimiwa alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alikuwa na wake wawili, aliowaoa kabla hajawa mtoto, na watoto saba, ambao watatu kati yao walikuwa wameshavuka umri wa utoto wakamwacha baba yao huko huko. Kwenye shughuli za kitaifa alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi nyeupe zinazofika magotini, akashuka kwenye gari lenye bendera, na watu wazima wote wakasimama.

*

Katika Kata ya Subira alikuwapo binti wa miaka kumi na minne aitwaye Siwema. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Fundi Maneno, mtu mpole anayeogopa kila kitu chenye muhuri. Siwema alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, wa pili katika kata nzima, na sasa alikuwa anahesabu wiki za kuanza kidato cha kwanza. Alikuwa ameshalifunika daftari lake la kwanza kwa gazeti, na kila siku alilifungua akanusa kurasa zisizo na kitu. Hakuwa na siri nyingine maishani.

Alhamisi alasiri kwenye ukumbi wa kata kulikuwa na Kikundi cha Majadiliano cha Vijana, kinachofundisha haki za watoto na usawa wa kijinsia. Mratibu wake alikuwa Bwana Kiswaga, mtu mwenye vyeti kumi na vinne vya semina. Mwongozo kutoka makao makuu ulitaka nusu ya wanachama wawe wasichana. Bwana Kiswaga alilipokea agizo hilo kwa mikono miwili, lakini likamtia kwenye mtihani, maana Alhamisi alasiri wasichana wa Subira wako kisimani, au jikoni, au wamebeba wadogo zao mgongoni. Angewatoa wapi?

Alifikiri siku mbili, siku ya tatu akapata jibu ambalo baadaye lilisifiwa mpaka wizarani. Kila Alhamisi wavulana walipiga kura. Nusu waliobahatika walibaki wavulana. Nusu nyingine walijifunga kanga, wakakaa upande wa kushoto, wakaandikwa kwenye safu ya wanawake. Mvulana mmoja aitwaye Shomari alikuwa na bahati mbaya ya ajabu, akawa msichana Alhamisi tisa mfululizo, na mwisho wa mwaka akapewa ndoo na cheti cha Msichana Bora wa Wilaya.

Siwema naye alikuwapo ukumbini kila Alhamisi, ila hakuhesabiwa, kwa sababu alikuwa jikoni. Yeye ndiye aliyechemsha chai ya majadiliano. Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na kidirisha cha kupitishia vikombe, na kupitia hapo binti huyu alijifunza kwamba ana haki ya kuishi, ya kusoma, ya kucheza na ya kusikilizwa. Haki zenyewe zilijaa ukurasa mmoja wa Mwongozo. Kurasa arobaini zilizobaki zilikuwa za wajibu wa mtoto, na hizo ndizo alizozipenda Bwana Kiswaga.

"Nani atatuambia wajibu wa kumi na mbili?" Bwana Kiswaga aliuliza.

"Kutomkatiza mkubwa anaposema!" wavulana wote walijibu, pamoja na wale wa kanga.

"Na msichana ana haki gani?"

"Haki sawa!"

"Vizuri sana. Siwema! Chai imekuwaje huko?"

Tena, Siwema alikuwa na mwandiko mzuri. Katibu wa kikundi, Shomari huyo huyo, aliandika vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuweza kuvisoma kesho yake, basi mihtasari yote ilipitishwa kidirishani ikanakiliwa jikoni. Na barua za wito pia. Huko Shwari barua ya wito ni jambo kubwa. Mtoto akikorofisha, au akiwa na shauri lolote zito, mzazi wake huitwa kwa barua yenye muhuri, na mzazi asiyefika hujulikana mtaani kote kuwa hana adabu. Siwema aliandika barua hizo kwa rundo. Bwana Kiswaga alizigonga muhuri huku akipuliza chai, paa, paa, paa, bila kusoma hata moja, kwani aliyegonga muhuri mara elfu nne hahitaji tena kusoma.

*

Mwezi wa kumi na moja Mtoto wa Taifa alikuja Kata ya Subira kutimiza mwaka wa ishirini na nne wa utoto wake. Fundi Maneno alipewa heshima ya kumshonea kaptula mpya. Alikesha na hofu, maana kitambaa cha kaptula hiyo kingetosha watoto wanne wa kawaida.

Ukumbi ulijaa. Mheshimiwa alipanda jukwaani, akavuta soksi, akakohoa.

"Watoto wenzangu," alisema, "wapo wanaouliza, je, Pazi bado anafaa? Nami nawajibu, ni nani katika nchi hii mwenye uzoefu wa utoto kuliko mimi? Hawa wengine utoto wao ni wa juzi tu. Wanaingia, wanakaa miaka michache, wanatoka. Hawana msimamo! Mimi nimebaki na ninyi. Mimi nimekataa kukua kwa ajili yenu!"

Watu walipiga makofi. Wasichana wa kanga walipiga vigelegele kwa sauti zao nzito.

"Kuhusu usawa wa kijinsia," aliendelea, "nasema tena bila kigugumizi: mtoto wa kike ni sawa na wa kiume. Na asiyekubali, tutamtuma mkewe akamweleze."

Hapo Siwema akaingia na sinia la chai. Mheshimiwa alichukua kikombe, akamtazama, akamgeukia Bwana Kiswaga.

"Huyu binti wa nani?"

"Wa fundi aliyekushonea, Mheshimiwa."

"Anaonekana ana heshima," alisema Mheshimiwa, na akanywa chai yote. Bwana Kiswaga alitabasamu kwa fahari, na Fundi Maneno, aliyesimama mlangoni akiikagua kaptula kwa mbali, aliiacha kaptula akamtazama binti yake.

*

Siku ya tatu walikuja wageni wanne nyumbani kwa Fundi Maneno, wakiongozwa na Mwanasheria wa Utoto, bwana mwembamba mwenye mkoba mzito. Walikalishwa mkekani. Mwanasheria alieleza kwa lugha tamu kwamba Mtoto wa Taifa amependezwa na familia hii na anaomba kumwoa Siwema, na kwamba Fundi atakuwa Fundi Mkuu wa Kaptula za Taifa mpaka mwisho wa maisha yake.

Fundi Maneno alijikaza. "Mheshimiwa mwanasheria, mwanangu ana miaka kumi na minne. Na mimi nilisikia sheria inakataza mtu mzima kumwoa mtoto."

"Inakataza vikali!" Mwanasheria alisema, macho yakiwaka. "Hiyo sheria niliiandika mimi. Mtu mzima akithubutu, ni jela. Sasa niambie, Fundi, kisheria Mheshimiwa Pazi ni nani?"

"Ni... ni mtoto."

"Basi unaona tatizo wapi? Haya ni mambo ya watoto kwa watoto. Sisi watu wazima kuingilia ingekuwa uonevu."

Mama Siwema alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka na mwiko mkononi. "Mwanangu anakwenda shule. Haendi kwa mtu."

"Mke wangu," alinong'ona Fundi Maneno, "hao ni serikali."

"Na mimi ni nani, kuku?"

Mwanasheria aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba jambo litatangazwa Alhamisi ijayo ukumbini mbele ya waandishi wa habari, liwe mfano wa utekelezaji wa usawa: mtoto mmoja wa kiume, mtoto mmoja wa kike, hamsini kwa hamsini. Walipoondoka, Fundi Maneno alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga akiombwa na serikali hata roho yake huanza kuitafutia bahasha.

Siwema alisikia yote. Alilia mpaka kwikwi, kisha hasira ikampanda mpaka machozi yakakauka yenyewe. Alivaa viatu akaenda moja kwa moja kwa Bwana Kiswaga.

"Mwalimu, mlifundisha kwamba mtoto ana haki ya kusikilizwa."

"Ukurasa wa kwanza kabisa!" Bwana Kiswaga alifurahi. "Nilijua jikoni nako elimu inafika."

"Basi nisikilizeni. Sitaki kuolewa."

Furaha ilimtoka Bwana Kiswaga taratibu. Alifungua kabati, akatoa fomu yenye kurasa sita. "Malalamiko ya mtoto hupokelewa na mwakilishi wa watoto. Jaza hii, ipelekwe kwa Mtoto wa Taifa. Akiona una hoja, atasaini hapa chini."

"Lakini ninayemlalamikia ndiye yeye."

"Ndiyo, kwa hiyo itamfikia haraka," alisema Bwana Kiswaga, na kwa kweli alidhani anamfariji.

*

Siwema hakuijaza ile fomu. Alirudi jikoni, akafungua Mwongozo, akaupita ukurasa wa haki bila kuutazama. Haki alishaziona zinavyofanya kazi. Alianza kusoma wajibu, mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika wajibu wa thelathini na tatu aliweka kidole. Uliandikwa hivi: "Mtoto hataamua jambo lolote kubwa la maisha yake pasipo mzazi wake kuitwa, kufika na kukubali."

Aliusoma mara tatu. Kisha akachukua karatasi ya kikundi na kuandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko siku zote:

"Kwa Bi Mize, mama mzazi wa mtoto Hamduni Pazi, kijiji cha Kwamkunga. Unatakiwa kufika ukumbi wa Kata ya Subira siku ya Alhamisi saa tisa alasiri bila kukosa, kwa sababu mtoto wako ana shauri zito. Asante."

Jina la bibi huyo alilijua, kama kila mtoto wa Shwari. Somo la kwanza la majadiliano lilikuwa maisha ya Mtoto wa Taifa, kijiji alichozaliwa, mama aliyemzaa, na jinsi alivyotambaa mapema kuliko wenzake. Aliichomeka barua katikati ya rundo. Paa, paa, paa. Bwana Kiswaga alipuliza chai, na barua ikaenda posta na nyingine.

Kwa siku tano Siwema hakula vizuri. Hakujua kama bibi yule anaweza kusafiri, wala kama atajali. Mama yake aliambiwa siri hiyo, akasema, "Mwanangu, mama akiitwa kwa muhuri, huja."

*

Alhamisi ilifika. Kamera zilikuwapo. Kura ilishapigwa na Shomari alishajifunga kanga. Siwema alikalishwa jukwaani kwenye kiti cha plastiki, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya ukumbi ule. Baba yake alikuwa mstari wa mbele, kainamisha kichwa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, macho barabarani.

Mheshimiwa alikuwa ndiyo kwanza anasema "watoto wenzangu" mlango uliposukumwa. Aliingia bibi wa miaka kama themanini, mfupi, miguu ina vumbi la safari, mkononi ameshika barua. Askari mmoja alitaka kumzuia, akauona muhuri, akampisha.

"Kesi ya Hamdu iko wapi?" aliuliza. "Mara ya mwisho niliitwa alipoiba kengele ya shule. Safari hii kaiba nini?"

Mheshimiwa alishusha kipaza sauti. "Mama, hapa niko kazini."

"Simama vizuri unaposema na mimi. Na hiyo kaptula ya nini? Huna suruali?"

Mwanasheria alikimbilia mbele. "Bibi, shikamoo. Ni hivi, kisheria Mheshimiwa ni mtoto, na..."

"Marahaba. Ni mtoto?"

"Kabisa, bibi. Mtoto kamili."

"Wa nani?"

Mwanasheria alifungua mkoba, akaufunga. "Wa taifa."

"Wa taifa!" Bi Mize aligeuka akawatazama watu. "Nilikaa na uchungu wa huyu siku mbili mchana na usiku pale Kwamkunga. Taifa sikuliona. Alikuwapo mkunga na mbuzi wa jirani."

Watu walicheka, kisha wakakumbuka kamera, wakaacha. Bwana Kiswaga alikuwa ameisogelea barua na kuutambua muhuri wake. Alikaa chini polepole pasipo na kiti.

Siwema alisimama. "Bibi, shikamoo. Wajibu wa thelathini na tatu unasema mtoto haamui jambo kubwa bila mzazi wake kukubali. Mwanao anataka kunioa. Tunaomba jibu lako."

Bi Mize alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Wewe una miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na minne."

"Na unamtaka?"

"Hapana. Nataka kwenda kidato cha kwanza."

Katika historia yote ya kikundi kile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza msichana asiye mvulana kusema ukumbini. Bwana Kiswaga aliangalia ratiba yake. Hapakuwa na kipengele hicho. Upande wa kushoto Shomari alianza kupiga makofi, na wenzake wote wa kanga wakamfuata.

Bi Mize alipanda jukwaani kwa taabu, ngazi moja moja, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamfikia mwanawe. "Una wajukuu, Hamdu," alisema kwa sauti ya chini, na wote wakasikia jinsi ilivyomuuma. "Una wajukuu, unataka kuchukua mtoto wa watu? Mimi ndiyo nilikulea hivyo?"

"Mama, ni siasa tu..."

"Nimekataa. Na kama wewe ni mtoto, mtoto hukaa kwa mama yake. Mpunga wetu umeanza kukomaa na ndege wanaumaliza. Twende ukafukuze ndege, ndiyo kazi ya watoto."

Mtoto wa Taifa alimgeukia Mwanasheria kwa macho ya kuomba. Mwanasheria alikuwa anapekua sheria yake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, jasho likimdondokea kwenye vifungu. Hakupata kitu. Kila mlango wa kutokea ulimtaka Mheshimiwa akiri mbele ya kamera kwamba ni mtu mzima, na mtu mzima angepelekwa jela. Basi Bi Mize akamshika mwanawe sikio, akamtoa ukumbini, soksi moja imeshuka, mpaka kwenye gari lenye bendera. Fundi Maneno aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtafuta Siwema kwa macho, na aibu aliyoiona usoni pake mwenyewe kwenye kioo cha dirisha haijamtoka hadi leo.

*

Januari Siwema alianza shule. Serikali ya Shwari, ambayo haijawahi kukataa kujifunza, iliunda tume ichunguze kosa lilikuwa wapi. Tume ilizunguka miezi minane ikalala hotelini, ikarudi na jalada la kijani. Ilikuta sera ni nzuri, majadiliano ni mazuri, kanga ni nzuri. Kosa lilikuwa moja tu. Mwezi uliofuata tangazo la kazi lilibandikwa nchi nzima: "Nafasi ya Mtoto wa Taifa. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka arobaini, mwenye kupenda watoto, na awe yatima. Cheti cha kifo cha mama kiambatanishwe."

Walijitokeza waombaji elfu tatu, wote wana vyeti. Ofisi ya usaili ilikuwa jirani na shule ya Siwema, na asubuhi moja akienda darasani alipita kando ya foleni ya mabwana wenye vitambi na kaptula. Pembeni ya bwana mmoja aliinama bibi kizee, anamvuta soksi, anamfuta jasho kwa ncha ya kanga, bahasha kaibana kwapani.

"Shikamoo, bibi," alisema Siwema. "Na hicho cheti ni cha nani?"

"Cha kwangu, mjukuu wangu," bibi alijibu bila kuinuka. "Nimefariki Jumatatu. Hebu nipishe kidogo, mtoto anaingia kwenye usaili."